Kumpeleka Rihi Kondoa

Nyie mmeniuliza sana, kila mmoja kwa wakati wake, kwenye simu, sokoni, na kuna mmoja wenu alinivuta kanga msibani kabisa, kwamba ya Kondoa yaliishaje. Nimechoka kuhadithia vipande vipande. Huyu namwambia mwanzo, yule namwambia mwisho, mkikutana mnabishana. Basi nawaandikia yote mara moja, na atakayeniuliza tena nitamwambia akasome.

Kwa wasiomjua, Rihi ni mbwa wangu. Ni saluki, wale mbwa warefu wembamba ambao Waarabu wa zamani waliwafuga kwa kuwindia paa. Miguu mirefu, kiuno kimeingia ndani, masikio yana nywele ndefu zinazoning'inia, na mbavu zake unaziona hata akiwa ameshiba mpaka anacheua. Sie hatuwindi. Sheria hairuhusu mtu kujiingilia tu porini na mbwa wake, na mie mwenyewe kuku akichinjwa nageuza uso. Kazi ya Rihi ni kukimbia. Alfajiri bahari ikipwa pale Mbweni namfungulia kamba ufukweni, na hata majirani wanaokunja pua wakiniona naye, akianza kukimbia husimama wakamwangalia.

Mbwa hawa alianza nao marehemu baba, aliletewa wawili na jamaa zake wa Omani. Alipofariki, kilichobaki mikononi mwangu ni Rihi peke yake. Alishazaa mara moja, watoto wote wakafa kwa kuhara damu kabla hawajamaliza chanjo, na hilo sitaki kuliongelea. Daktari wa mifugo akaniambia umri unakwenda, anaweza kuzaa mara moja tu tena, kwa joto lake litakalofuata, zaidi ya hapo ni kumtesa. Kumpandisha na mbwa wa mtaani sikutaka. Si kwa maringo, ila mji umejaa watoto wa mbwa wanaozaliwa bila mwenyewe wakafa mitaroni, na mie siongezi. Nilihitaji dume wa saluki mwenye damu ya mbali, mwenye afya, na nilimhitaji safari hii hii. Asipopatikana, mbwa wa baba ndio wamekwisha.

Ndipo nikasikia kuna mzee Kondoa, Mzee Nasoro, mwenye duka la vitambaa, anaye dume. Tuliongea kwa simu mara nyingi. Nikamwuliza macho ya mbwa, moyo, meno, akanijibu yote, na akasema daktari amemsikiliza moyo hana tatizo. Nikamwuliza alimpata wapi. Akasema kwa watu wa pwani, basi. Mie nikajua ni Mombasa au Lamu huko, nikafurahi. Sikumchimba zaidi.

Kiwalani, hata Dar hatujatoka

Dereva wangu alikuwa Deo. Deo ni Mmakonde wa Newala, mchongaji, anaishi Kiwalani, na tunajuana tangu alipomchongea baba mlango wa mbele. Ana Noah ya kubebea kazi zake. Tulikubaliana anipitie baada ya sala ya alfajiri. Rihi alikuwa ameshaingia kwenye joto, siku zake za kukubali dume zilikuwa zinakaribia na hazimsubiri mtu, kwa hiyo nilikuwa tayari mlangoni na kapu la chakula, ndoo ya maji na mkeka. Jua likapanda. Nikapiga simu, akasema yuko njiani. Nikapiga tena, bado yuko njiani. Alipofika, bajia nilizofunga kwa ajili ya safari nilikuwa nimeshazila nusu kwa hasira.

Kumbe ana ishu yake. Kuna mtu Dodoma alimwagiza kinyago kikubwa cha mpingo, Deo akaona safari ni moja, na kinyago kilikuwa bado Kiwalani kinapakwa dawa. Tukaenda Kiwalani. Vijana walikibeba kama maiti, wamekizungushia mablanketi, wakakilaza nyuma. Ilibidi Rihi alale ubavuni mwake. Alikinusa kutoka juu mpaka chini, akapandisha kichwa juu ya blanketi, akalala. Deo akaniambia, "Unaona, Da Zuwena? Mwenyewe hana neno." Sikumjibu mpaka Vingunguti.

Vingunguti tulisimama machinjioni kuchukua nyama ya Rihi ya njiani. Muuzaji alipochungulia dirishani akamwona, akanitazama kwa jicho la kunilaani. Akakata moyo wa ng'ombe mwingine, akaongeza na kipande cha ini, akasema hicho ni sadaka yake kwa huyo mnyama, na mie nimwogope Mungu. Nilimweleza kwamba ndivyo walivyoumbwa. Hakunisikia hata neno moja.

Njia ya Morogoro mpaka Gairo

Foleni ya kutoka mjini mnaijua, siiandiki. Chalinze tulipita jua limekolea, Rihi anahema ulimi nje, mie namlowesha masikio kwa kitambaa. Kila tulipotaka kusimama, ilibidi Deo azunguke kwanza kuangalia kama kuna mbwa. Jike mwenye joto harufu yake inafika mbali, na dume mmoja wa njiani akiniponyoka dakika chache tu, safari yote imekwenda na maji. Nilimfunga kamba mbili, moja shingoni, moja kiunoni, na zote nikazizungusha mkononi mwangu.

Gairo tulitaka kula. Kuna mama anauza wali na maharage, na kuku wa kienyeji wa mchuzi, harufu yake ilinifanya nisahau hasira zote. Nikakaa, Rihi miguuni. Mama akamtazama Rihi, akanitazama mie, mwenye kiwiliwili kama mnavyonijua, akafunika sufuria. Akasema hanipakulii. Deo alidhani anatania. Hatanii. Alisema kwake hali mtu wakati kiumbe chake kinakufa njaa mbele yake, nimlishe kwanza ndipo nile. Watu waliokuwa wanakula wakaitikia, mmoja akasema matajiri wa Dar ndivyo walivyo. Tajiri! Na kanga yangu ina kiraka.

Ilibidi nikatoe nyama ya Vingunguti nimpe Rihi mbele ya kadamnasi ile. Na Rihi alivyo, akiona watu wengi hali. Akaigeuzia uso. Wakasema ameshadhoofika mpaka hawezi kutafuna. Mwishowe yule mama aliinama mwenyewe, akamlisha kuku kwa kidole, kipande kwa kipande, bila mifupa, na Rihi akala kuku mzima niliyemtamani mie. Nikapakuliwa maharage. Tulipokuwa tunaondoka yule mama alimshika Rihi uso, akamwambia avumilie. Nilikuwa nimekasirika, lakini moyoni nilimpenda mama yule.

Kizuizini

Mbele ya Gairo kuna mahali magari yalikuwa yanakaguliwa. Askari kijana, mpole, akafungua mlango wa nyuma, akarudi hatua nyuma. Akauliza ni mnyama gani. Nikasema mbwa. Akasema shikamoo mama, lakini huyu si mbwa. Akamwita mwenzake. Mwenzake akasema anamwona kama mtoto wa swala au kitu cha jamii hiyo, na kusafirisha wanyama wa porini ni kesi kubwa. Wakaniambia kama ni mbwa, abweke.

Jamani, saluki habweki. Baba aliishi nao maisha yake yote, nadhani aliwasikia wakibweka mara za kuhesabika. Nikamwomba Rihi. Nikambembeleza. Deo akaanza kubweka yeye, kwa sauti nzuri tu, Rihi akamtazama kwa huruma. Nyuma yetu magari yanapiga honi, jua linatelemka, na mie nahesabu siku za Rihi kichwani nikitamani kulia.

Kilichotuokoa ni mbwa wa kijijini. Alitoka vichakani, dume mwekundu mwenye sikio moja, halafu mwingine, halafu wakaja kundi, wakazunguka Noah wanalia, wanaruka dirishani, wengine wameshaanza kupigana. Yule askari mpole akawatazama, akamtazama Rihi, aibu ikampanda. Akasema, "Haya mama, hawa wamemtambua. Nendeni." Deo alicheka mpaka Kibaigwa. Na mie nilicheka, nakubali.

Dodoma

Mwenye kinyago alikuwa bwana mmoja mstaafu, mkarimu, ana uwanja wenye ukuta mrefu, kitu ambacho ndicho nilichokuwa nakihitaji, maana nyumba za wageni mbili zilikuwa zimetukataa. Deo alifungua nyuma, akafunua blanketi. Rihi alikuwa amesimama wima pembeni ya kinyago, hatikisiki, anasikiliza sehemu ngeni. Yule bwana akavaa miwani. Akamsifu Deo kwamba hata mbwa amemchonga, tena na mbavu amezionyesha, ingawa yeye hakuagiza mbwa. Rihi akapepesa macho, bwana akakaa chini.

Alitupa wali kwa samaki wa Mtera na chumba cha uani. Tulilala salama. Asubuhi nilimwangalia Rihi, nikamgusa juu ya mkia, akaupeleka pembeni. Waliofuga wanajua hiyo ni ishara gani. Siku yake ilikuwa imefika, na Kondoa si mbali. Nilimwambia Deo akanyage mafuta. Njia nzima kupita Chemba nilikuwa naimba kimoyomoyo, nawapangia majina watoto ambao hawajatungwa.

Kondoa

Mzee Nasoro alitupokea barabarani, kanzu imenyooshwa, kofia mpya. Mkewe alikuwa amepika pilau ya mbuzi kwa ajili yetu, na chumba cha Rihi kilikuwa kimefagiwa, kimewekwa majani makavu na beseni lake peke yake. Walimsubiri kama bibi harusi. Mzee aliniambia kwamba amekwishaongea na mkewe, katika watoto watakaozaliwa yeye anaomba mmoja tu, jike, kwa sababu dume wake anazeeka na nyumba bila mbwa yule haielewi.

Kisha akaniletea dume. Jina lake Barki. Sijui niwaelezeje. Rangi ya asali, kifua kirefu, anatembea kama ardhi inamuunguza, macho ya upole. Alipomwona Rihi alisimama, naye Rihi akainama mbele akicheza, kitu ambacho hajakifanya tangu watoto wake wafe. Nilitokwa na machozi pale pale. Nikaomba nimkague kwanza kabla ya kuwaachia, kama baba alivyonifundisha. Nikapitisha mkono mgongoni, nikafungua mdomo, nikashika masikio.

Sikio la kushoto, kwa ndani, chini ya zile nywele, lilikuwa na pengo. Kidole changu kiliingia pale kabla akili yangu haijafika. Pengo lile nililijua. Mama yake Rihi alipomzaa yeye na nduguze, aliwang'ata watoto kwa woga wa uzazi wa kwanza, na mmoja alimkata sikio, na mie ndiye niliyekaa na yule mtoto kwenye kanga, nampaka manjano, mpaka kidonda kikafunga.

Nikamwuliza mzee, "Ami, sikio hili lilimfanya nini?"

"Alikuja nalo hivyo hivyo," akasema. "Alivyoniletea baba yako."

Nilikaa kwenye yale majani. Mnajua, au wengine hamjui, baba alikuwaga hauzi mbwa. Anatoa. Watoto wakishakua anamchukua mmoja kwenye kapu, anaondoka, anarudi na kapu tupu, na ukimwuliza kampa nani hakwambii. Kwake kumtaja uliyempa kitu ni kumsimanga, na simango alilichukia kuliko kitu chochote. Hata mama hakuambiwa. Wote tukazoea kutouliza, na tukaona hiyo ndiyo heshima.

Nikamwuliza mzee mbona hakuniambia kwenye simu. Alinishangaa.

"Ningekuambiaje, mwanangu? Nianze kukutajia zawadi ya marehemu baba yako, ionekane naomba ya pili? Na mie nilidhani unajua. Nilidhani ndiyo maana umenichagua, unataka kizazi chake kirudi nyumbani."

"Hawa ni kaka na dada, ami. Tumbo moja."

Alimpapasa Barki kichwani. Halafu akasema taratibu, bila ubaya wowote, "Wenyewe hawajui. Fumba macho mara moja hii, mwanangu. Nani atakuuliza?"

Wallahi nilitaka. Nawaandikia ukweli kwa sababu mmenipa sifa nisizostahili. Rihi alikuwa tayari, Barki analia upande wa pili wa kamba, kote nchini sijui dume mwingine, na joto lingine likija daktari ameshakataza. Nilijiambia mara moja haidhuru. Nilijiambia wakizaliwa wagonjwa nitawalea. Lakini nilishawaona wa namna hiyo. Nilipokuwa msichana baba alichelewa kufunga mlango, kaka na dada wakakutana, na watoto wawili walikua vipofu, na wa tatu alianguka akiwa anachezea kamba yangu, moyo umesimama. Baba alimzika kando ya ukuta wa nyuma na siku ile hakula. Mie ndiye niliyeshika taa ya mkono akichimba.

Nikamwomba mzee amrudishe Barki ndani.

Alimvuta mwenyewe, Barki anageuza shingo. Mlango ukafungwa. Tuliisikia sauti yake tukiwa tunakula ile pilau, ambayo ilikuwa tamu na hakuna aliyeisifu. Deo ndiye aliyejaribu kuongea, akauliza habari za mvua, akajibiwa. Mke wa mzee aliniuliza kwa upole kama nina hakika na sikio. Nikamwambia nina hakika. Mzee alisukuma sahani, akasema, "Basi na huyu wangu ndiyo hivyo," akatoka kwenda kuswali.

Kurudi

Kurudi sina mengi. Mzee alinipa kitenge na akaniombea dua. Nilimshika miguu nikaomba radhi, akasema sijamkosea. Najua sijamkosea, ila nilimwacha na nyumba yake iliyofagiwa bure. Deo hakuwasha redio. Gairo tulisimama, yule mama akamtambua Rihi kwa mbali, akampigia makofi, akasema sasa anaonekana ana nafuu. Nikasema asante. Sikuwa na nguvu za kumweleza.

Njia nzima nilikuwa nagombana na baba. Nilimwambia angeniambia jina moja tu, la mtu mmoja. Nilimwambia adabu yake imemaliza mbwa wake. Halafu najirudi, kwa sababu hata mie nilikuwa na mdomo, na mzee aliposema kwa watu wa pwani ningeweza kumwuliza watu gani. Niliona ni utovu wa adabu. Mie ni mtoto wa baba yangu kwelikweli.

Mbweni

Nilidhani yameishia hapo. Wiki zikapita, nikarudi kwenye shughuli zangu, Rihi akarudi ufukweni. Kisha akaanza kuwa mzito. Hataki kukimbia. Tumbo likajaa kidogo, chuchu zikavimba, na kuna asubuhi nilimkuta amechimba shimo chini ya ngazi, amelichanachana na kulitandika humo zulia langu la mlangoni. Nikadhani wale mbwa wa kizuizini, nikadhani Barki, nikadhani muujiza. Nikamwita daktari. Akampapasa, akatikisa kichwa. Akasema hamna kitu, ni mimba ya uongo, huwapata majike wengi baada ya joto, mwili unajidanganya mpaka maziwa yanatoka.

Na maziwa yametoka. Amekusanya vitu vyake pale chini ya ngazi: soksi, mpira wa jirani, kandambili yangu ya kulia. Anavipanga ubavuni, analala kuvizunguka, na akisikia mtu anapita ananyanyua kichwa. Daktari amesema niviondoe kimoja kimoja, ndipo maziwa yakauke na asahau. Mpira nimeurudisha. Soksi nimezitoa. Kandambili kila asubuhi naenda na nia hiyo hiyo. Nanyoosha mkono, Rihi ananilamba vidole, hagombi, halafu anaisogeza kwa pua mpaka kwenye chuchu na kunitazama. Nimenunua pea nyingine.